Namna ya kununua sarafu za kale za dhahabu za Ufaransa bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Maswali ni yale yale. "Kaka, hii yenye jogoo ni adimu?" "Nimepewa bei chini ya bei ya dhahabu, nichukue?" "Mbona dukani wameikataa na wakati dhahabu ni halali?" Wengi wanaouliza ni ndugu zetu walioko Paris, Brussels au Marseille wenye akiba kidogo wasiyotaka ikae tu benki. Wengine wako nyumbani na wanatumiwa picha za sarafu kwenye simu. Nimeona afadhali niandike mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake.

Nitakaa zaidi kwenye sarafu moja: faranga 20 ya dhahabu, ambayo Wafaransa huiita napoléon hata kama kichwa kilichochongwa si cha Napoléon. Ndiyo inayopatikana kwa wingi, ndiyo inayouzika haraka, na ukishaizoea hizo nyingine zitakuja zenyewe.

Ila kabla hujatoa hata senti, jibu swali hili: unalipia dhahabu, au unalipia uadimu? Vyote viwili ni halali. Hasara nyingi za wanaoanza hutokana na kulipa bei ya uadimu kwa kitu ambacho thamani yake ni dhahabu tu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Mizani ya jikoni haifai, inaruka gramu nzima nzima.
- Kalipa ya kupimia kipenyo. Ya plastiki inatosha, tena ni bora kwa sababu haikwaruzi.
- Lenzi ya kukuza mara 10, kama zile wanazotumia masonara.
- Sumaku yenye nguvu.
- Bei ya dhahabu ya siku hiyo, kwa gramu, kwa yuro. Iandike kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani.
- Kitambulisho na akaunti ya benki.
- Fedha ambayo huna kazi nayo ya karibu. Ada ya shule ya mtoto isiguswe, maana dhahabu hushuka pia, na siku utakayotaka kuuza kwa haraka ndiyo siku mnunuzi atakayokupunja.

Halafu kariri namba nne za faranga 20: uzito gramu 6.45, kipenyo milimita 21, usafi 900 kwa 1000, na dhahabu tupu iliyomo gramu 5.805. Hiyo 900 ni sawa na karati 21.6, yaani iko kati ya ile ya 21 na ile ya 22 mnayoiona kwenye vito vya Dubai na Muscat. Sehemu ya kumi iliyobaki ni shaba ya kuifanya iwe ngumu. Namba hizi zilitungwa na sheria ya Machi 1803, chini ya Napoléon Bonaparte alipokuwa bado Konsuli wa Kwanza: kilo moja ya dhahabu ya kiwango hicho itoe sarafu 155 za faranga 20. Tangu hapo hadi 1914, wafalme wakaja wakaondoka, jamhuri zikasimama zikaanguka, lakini uzito haukubadilika. Ndiyo raha ya sarafu hii: namba moja inapima karne nzima.

Hatua ya 1: Chagua njia

Kuna njia tatu, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni dhahabu tu. Hapo nunua faranga 20 ya Marianne (mwanamke anayewakilisha Jamhuri ya Ufaransa) na jogoo ya miaka ya 1907 hadi 1914. Haina mambo mengi, kila duka la dhahabu Ufaransa linaijua.

Ya pili ni historia kwa bei ya dhahabu, na kwa anayeanza ndiyo ninayoipendelea. Faranga 20 za Napoléon III na zile za malaika (sura zake ziko Hatua ya 2) zilipigwa kwa mamilioni. Za miaka ya kawaida huuzwa kwa bei inayokaribiana na ile ya jogoo, lakini mkononi unashika kitu kilichonunua mkate Paris ya karne ya 19.

Ya tatu ni ukusanyaji wenyewe: Napoléon wa Kwanza, herufi adimu za viwanda vya kupigia sarafu, faranga 40, 50 na 100, na louis d'or, yaani sarafu za dhahabu za wafalme wa kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa. Usianzie hapa. Soko lake ni dogo, linataka jicho, na bei hupangwa na hali ya sarafu kuliko uzito. Watu husoma habari kama ile ya Plozévet kule Bretagne, ambako mwaka 2019 mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba walikuta sarafu 239 za dhahabu za Louis XIII na Louis XIV ukutani, zikauzwa Angers 2021 kwa takriban yuro milioni moja, kisha wanadhani kila louis d'or ni mali. Zile zilikuwa na hadithi yake na hali yake. Ya kwako iliyokwaruzika haina.

Sheria nayo inatofautisha. Ndani ya Umoja wa Ulaya, sarafu ya dhahabu iliyopigwa baada ya mwaka 1800, yenye usafi wa 900 au zaidi, iliyowahi kuwa fedha halali ya nchi yake, na isiyouzwa kwa zaidi ya asilimia 80 juu ya thamani ya dhahabu yake, huhesabiwa kuwa dhahabu ya uwekezaji na haitozwi VAT. Napoléon ya kawaida inaingia humo. Louis d'or ya 1786 haiingii.

(Wanaoniuliza kuhusu sarafu za kwetu: riyali za dhahabu za Sultani Barghash wa Zanzibar, za mwaka 1299 Hijria, zilipigwa Ubelgiji, na ni adimu mno kwa mfuko wa kawaida. Sarafu za Sultani Said Ali wa Ngazija, za 1308 Hijria, ndizo zilizotoka Paris, lakini ni za fedha na shaba.)

Hatua ya 2: Zijue sura

Usinunue sura usiyoweza kuitaja. Hizi ndizo utakazokutana nazo mara nyingi, kuanzia ya karibuni.

*Marianne na jogoo, 1899–1914.* Upande mmoja mwanamke mwenye taji la majani, upande wa pili jogoo. Mchongaji ni Jules-Clément Chaplain. Izungushe uangalie ukingo: zile za hadi 1906 zimeandikwa DIEU PROTEGE LA FRANCE, na kuanzia 1907 zimeandikwa LIBERTE EGALITE FRATERNITE. Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengine hulipita kimya. Kati ya 1951 na 1960 Ufaransa ilipiga upya sarafu hizi kwa tarehe za zamani, 1907 hadi 1914, zaidi ya milioni 37, ili kutuliza soko la dhahabu. Ni halali kabisa, dhahabu ni ile ile, ila zina wekundu kidogo na mara nyingi zinang'aa kama za jana. Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni ya 1910, angalia ilivyohifadhika miaka mia," cheka kimoyomoyo kisha lipa bei ya dhahabu.

*Malaika, 1871–1898.* Wafaransa huiita Génie. Kiumbe mwenye mabawa amesimama akiandika katiba kwenye kibao. Augustin Dupré aliichonga wakati wa Mapinduzi. Ikarudishwa 1848 na 1849, ikarudishwa tena baada ya Napoléon III kuanguka. Miaka mingi ni ya kawaida, lakini ya 1887 na 1888 zilipigwa chache. Ukiikuta moja kwenye rundo la bei ya dhahabu, usipige kelele.

*Napoléon III.* Kichwa kitupu 1853 hadi 1860, kichwa chenye taji la majani 1861 hadi 1870. Ile ya 1852 imeandikwa LOUIS-NAPOLEON BONAPARTE kwa sababu alikuwa bado rais.

*Wafalme.* Louis XVIII, Charles X, Louis-Philippe, kati ya 1814 na 1848. Nyongeza ya bei huanza kupanda hapa, hasa kwa Charles X aliyetawala muda mfupi.

*Napoléon wa Kwanza.* Hii ina starehe yake. Za mwanzo hazina mwaka wa kawaida bali zimeandikwa AN XI, AN 12, AN 13, AN 14, yaani miaka ya kalenda ya Mapinduzi. Kisha tazama maandishi ya sarafu ya 1807: uso unasema NAPOLEON EMPEREUR, yaani Kaisari, ukigeuza mgongo unasoma REPUBLIQUE FRANÇAISE. Kaisari wa jamhuri! Maneno EMPIRE FRANÇAIS yanatokea kwenye sarafu za 1809. Mgongano huo wa Kaisari na jamhuri si kosa la uchapaji wala si uadimu, ingawa nimeliona likiuzwa hivyo.

Pamoja na sura, soma herufi ndogo ya kiwanda. A ni Paris. BB ni Strasbourg, na W ni Lille. K ni Bordeaux. A ndiyo ya kawaida. Nyingine, kutegemea mwaka, zinaweza kuongeza bei. Ila herufi peke yake haisemi yote: R kwenye sarafu ya Napoléon ya 1812 au 1813 ni Roma, iliyokuwa chini ya milki yake, na R kwenye sarafu ya Louis XVIII ya 1815 ni London, kwa sababu Waingereza ndio waliozipiga sarafu hizo kwa jina la mfalme huyo. Soma mwaka, sura na herufi kwa pamoja.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya nyongeza

Nyongeza, ambayo wafanyabiashara wa Paris huiita prime, ni kile unachokilipa juu ya thamani ya dhahabu. Hesabu yake:

Bei ya dhahabu kwa gramu × 5.805 = thamani ya dhahabu.
Bei unayoambiwa − thamani ya dhahabu = nyongeza.
Nyongeza ÷ thamani ya dhahabu × 100 = asilimia.

Tuseme, ili hesabu iwe nyepesi, gramu ni yuro 100. Thamani ya dhahabu ni yuro 580.50. Ukiambiwa 610, nyongeza ni 29.50, karibu asilimia 5. Ukiambiwa 700, ni zaidi ya asilimia 20, na hapo muuzaji ana deni la maelezo: uadimu gani? Mwaka gani? Hali gani? Akijibu "ni ya kale," ondoka. Zote ni za kale.

Kwa sarafu nyingine badilisha hiyo 5.805 tu. Faranga 10 ina gramu 2.903, faranga 40 ina 11.61, faranga 50 ina 14.52, na faranga 100 ya karne ya 19 ina 29.03. Tahadhari moja: kuna faranga 100 nyingine iliyopigwa kwa tarehe za 1929 hadi 1936, iliyochongwa na Lucien Bazor. Ina milimita 21 na gramu 6.55 tu, kwa sababu faranga ilishapunguzwa thamani 1928. Mtu asikuuzie hii kwa hesabu ya ile kubwa. Yenyewe ni sarafu ya wakusanyaji, ina bei yake nzuri tu.

Nyongeza hupanda watu wakiogopa na kushuka wakitulia. Mapema miaka ya 1980, Ufaransa ilipokuwa na wasiwasi wa kisiasa, ilivuka asilimia 50. Waliolipa nyongeza hiyo walisubiri sana. Nunua wakati hakuna anayezungumzia dhahabu.

Hatua ya 4: Chagua muuzaji

Paris, pita mtaa wa rue Vivienne na mitaa inayozunguka jengo la zamani la soko la hisa. Maduka ya sarafu na ya dhahabu yamejipanga, na unaweza kuingia moja ukatoka ukaingia la pili ukiwa na bei mkononi. Fanya hivyo. Uliza bei mbili kila mahali: ya kuniuzia na ya kununua kwangu. Pengo kati ya hizo mbili linakuambia zaidi kuliko tabasamu la muuzaji.

Kuna chama cha kitaalamu cha wauza sarafu wa Ufaransa, SNENNP, na kile cha kimataifa, IAPN. Muuzaji aliye mwanachama ana jina la kulinda. Minada ni njia nzuri kwa sarafu adimu, lakini juu ya bei ya nyundo utaongezewa gharama za mnada ambazo mara nyingi huzidi asilimia 20. Watu husahau, wanainua mkono kwa furaha, ankara inakuja na machozi.

Kuhusu mtu binafsi wa mtandaoni anayetaka mkutane kwenye maegesho ya magari: sina la kusema zaidi ya hapana. Ukiona bei iko chini ya thamani ya dhahabu, jiulize kwa nini mtu huyo hakwenda dukani ambako angelipwa karibu na bei kamili siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Pima, tena mbele ya muuzaji

Duka la heshima halikasiriki ukiomba kupima. Wengine watakupa mizani yao. Anza hivi:

a) *Sumaku.* Dhahabu haivutwi. Ikivutwa, mazungumzo yameisha. Isipovutwa bado hujathibitisha kitu, kwa sababu shaba nyeupe, shaba nyekundu na tungsten (metali yenye uzito unaokaribiana na wa dhahabu) nazo hazishikwi.

b) *Uzito.* Mpya ni 6.45. Iliyozunguka mikononi inaweza kuwa 6.40 au chini kidogo. Mimi ikishuka chini ya 6.37 naiita chakavu na nalipa kama chakavu. Ikizidi 6.47 naogopa zaidi kuliko ikipungua, maana sarafu haiongezeki uzito kwa kutumika.

c) *Kipenyo na unene, pamoja na uzito.* Hapa ndipo feki nyingi hufia. Dhahabu hii ni nzito mara mbili ya shaba. Sarafu ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye milimita 21 na unene wa kawaida, kama milimita 1.3, itakuwa na uzito wa karibu nusu tu. Ili ifikie gramu 6.45 lazima iwe nene mara mbili. Tapeli wa shaba hawezi kukupa vyote vitatu kwa wakati mmoja.

d) *Mzunguko wa pande mbili.* Ishike kwa vidole viwili, kichwa kikiwa wima, kidole kimoja kushoto na kimoja kulia mwa ukingo. Izungushe juu iende chini. Mgongo lazima utokee ukiwa wima. Ukitokea kichwa chini miguu juu, kuna shida.

e) *Ukingo na herufi kwa lenzi.* Herufi za ukingo ziwe kali, zimetengana sawasawa. Uso usiwe na chembe chembe kama ganda la yai wala vitundu vidogo. Hivyo ni alama za kumiminwa kwenye kalibu, wakati sarafu halisi ilipigwa kwa mashine.

f) *Maji, nyumbani.* Jaza kikombe nusu, kiweke juu ya mizani, irudishe sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba uitumbukize yote bila kugusa chini wala kando. Usijali kuhusu uzi kukwaruza, ni laini. Soma namba: faranga 20 halisi itaonyesha 0.37 au 0.38. Tungsten ya uzito huo itaonyesha 0.33. Rudia mara kadhaa, mkono ukitetemeka namba inaruka. Kisha igandamize kwa kitambaa laini ikauke, usiisugue.

Kuna feki mbili ambazo lazima uzijue kwa jina. Ya kwanza ni ya karne ya 19 yenyewe: platinamu ilipokuwa rahisi kuliko dhahabu, watu walipiga faranga 20 za Napoléon III kwa platinamu wakazipaka dhahabu. Majini itaonyesha 0.30 hivi. Leo kuna wakusanyaji wanaozitafuta hizo kwa hamu. Ya pili ni ngumu zaidi: sarafu zilizopigwa Beirut baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa dhahabu ya kweli na uzito wa kweli. Mizani na maji havitazikamata. Zitakamatwa na lenzi, kwa michoro iliyolegea na herufi zilizovimba. Kama ulilipia dhahabu, hujapoteza kitu kikubwa. Kama ulilipia uadimu, umeumia. Ndiyo maana sarafu ya bei ya uadimu ninaitaka iwe na cheti cha muuzaji anayeeleweka, au iwe kwenye kasha lililofungwa la NGC au PCGS, kampuni zinazokagua na kupanga daraja za sarafu.

Hatua ya 6: Soma hali

Wafaransa wana daraja zao, na utaziona kwenye kila tangazo: B, TB, TTB, SUP, SPL, FDC. B imesagika karibu kufutika. TB imetumika sana. TTB imetumika lakini nywele na majani bado yanasomeka. SUP imebaki na mng'ao mwingi wa awali. SPL na FDC ni kama haijawahi kuguswa. Kwa njia ya dhahabu tu, TTB inatosha kabisa. Kwa ukusanyaji, kutoka TTB hadi SPL bei inaweza kuruka mara kadhaa kwa sarafu ile ile, kwa hiyo usikubali daraja lililoandikwa na muuzaji bila kuangalia sehemu zilizoinuka: nywele juu ya sikio, mashavu, na kifua cha jogoo.

Tafuta pia alama za kidani. Sarafu nyingi ziliwahi kuwa mikufu, kama akina mama wa Pwani wanavyovaa pauni. Angalia ukingo saa sita kamili, juu ya kichwa: ukiona pamebonyea, pana rangi tofauti au herufi zimeyeyuka, palilehemewa kikonyo. Thamani ya ukusanyaji imekwisha hapo. Nunua kwa bei ya dhahabu pungufu, au acha.

Hatua ya 7: Lipa, na shika karatasi

Mkazi wa Ufaransa haruhusiwi kumlipa mfanyabiashara zaidi ya yuro 1,000 taslimu, na mfanyabiashara anayenunua dhahabu kwako anatakiwa kukulipa kupitia benki, si noti. Anayekwambia vinginevyo anakuingiza matatani.

Ankara iwe na jina lako, tarehe, aina ya sarafu, mwaka wake na bei. Ukipewa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa wenye namba, namba hiyo iandikwe kwenye ankara, na mfuko usiufungue. Najua mkono unawasha. Nunua moja ya kuchezea, nyingine ziache zilivyo, kwa sababu mfuko na ankara ndivyo vinavyothibitisha ulinunua lini na kwa bei gani, na jambo hilo lina fedha ndani yake, kama utakavyoona.

Hatua ya 8: Hifadhi

Shika kwa ukingo. Kapsuli ya plastiki ngumu yenye ukubwa wa milimita 21, mahali pakavu. Usisafishe. Narudia kwa herufi ndogo ili nisionekane nagomba: usisafishe. Si kwa dawa ya meno, si kwa ndimu, si kwa kitambaa cha sonara. Mikwaruzo ya kusugua inaonekana kwa lenzi milele, na sarafu ya SUP inakuwa chuma chakavu cha dhahabu kwa dakika mbili.

Hatua ya 9: Jua mlango wa kutokea

Ukiuza ukiwa mkazi wa kodi wa Ufaransa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kodi ya asilimia 11.5 juu ya bei yote ya mauzo, hata kama umepata hasara. Ya pili ni kutozwa faida tu, kwa kiwango cha juu zaidi lakini chenye punguzo la asilimia 5 kila mwaka baada ya mwaka wa pili, hadi ukifikisha miaka 22 hulipi kitu. Njia ya pili inakubaliwa kwa mwenye ushahidi wa tarehe na bei ya ununuzi. Sasa umeelewa habari ya mfuko na ankara.

Unasafiri nazo? Kanuni za Ulaya zinahesabu sarafu zenye dhahabu asilimia 90 au zaidi kuwa sawa na fedha taslimu, na napoléon imefika hapo hapo. Ukiingia au kutoka Umoja wa Ulaya ukiwa na thamani ya yuro 10,000 au zaidi, jumlisha sarafu na noti zako, lazima utoe tamko forodhani. Na upande wa kufikia, uwe Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, tamka na uonyeshe ankara. Sarafu iliyokutwa imefichwa kwenye soksi haina maelezo mazuri kwa lugha yoyote.

Yakikwama

*Mizani yangu inasoma 6.41, ya duka 6.44.* Pima kitu unachojua uzito wake. Sarafu mpya ya yuro moja ina gramu 7.50. Ikisoma 7.47, mizani yako inapunguza.

*Imeandikwa faranga 20 lakini si ya Ufaransa.* Kuna uwezekano ni ya Uswisi, Ubelgiji au Italia. Nchi hizo ziliingia na Ufaransa katika muungano wa sarafu wa 1865, zikatumia uzito na ukubwa ule ule. Dhahabu ni ile ile, lakini nyongeza hutofautiana, kwa hiyo usikubali ichanganywe kwenye rundo kwa bei ya napoléon bila kuuliza.

*Duka limenipa chini ya nilivyonunua, na dhahabu haijashuka.* Ulilipa nyongeza kubwa au bei ya uadimu, na wao wanalipa dhahabu. Jaribu maduka mawili mengine. Kama sarafu ni adimu kweli, ipeleke kwa muuza sarafu, usiipeleke kwa mnunuzi wa dhahabu chakavu mwenye bango dirishani.

*Mfuko umepasuka.* Dhahabu haijapotea. Utapimiwa upya, na huenda ukakatwa kidogo. Weka mfuko uliopasuka pamoja na ankara, namba bado inasomeka.

*Ina rangi nyekundu nyekundu.* Shaba iliyomo, au ni ile iliyopigwa upya miaka ya 1950. Madoa madogo mekundu ni ya kawaida kwa dhahabu ya 900. Lakini wekundu ukiwa kwenye sehemu zilizoinuka tu, kana kwamba ngozi imechubuka, irudishe kwenye mizani na kikombe cha maji.

*Muuzaji ametuma picha nzuri sana lakini hataki kutuma ya ukingo.* Basi hana ukingo wa kukuonyesha. Endelea na mwingine.